Uzi wa Banda la Nne

Barua ya Makumbusho ya Ndarawe ilikaa juu ya friji ya Wakesho Mwadime miezi mitatu. Si kwamba aliiogopa. Kila asubuhi aliiona, akaipangusa vumbi, akachukua mkoba wake wa spana akaenda kazini. Alikuwa fundi wa pampu za sola mjini Voi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na waliomjua walimsifu kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Hawakuwa wamegundua kwamba hakuna aliyewahi kumwona amefurahi pia.

Barua ya pili ilisema kwamba asipofika kabla ya mwisho wa Julai, sheria itachukulia kuwa ameridhia kilicho chake kibaki huko. Wakesho hakupenda kazi ibaki nusu. Alhamisi moja akapanda garimoshi la asubuhi, akashuka kwenye kituo kidogo kisicho na hata kibanda cha chai, akatembea katikati ya mistari ya mkonge uliokwisha kuwa pori hadi kwenye lango la chuma.

"Karibu, Mama Mghoi," alisema mwanamke kijana aliyekuwa akimsubiri.

Wakesho akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Nyuma yake kulikuwa na mkonge tu.

"Ni wewe, Mama. Nisamehe. Kwenye majalada yetu ndivyo ulivyoandikwa, nami nimezoea. Naitwa Nasieku. Mimi ndiye mhifadhi hapa."

"Hakuna ubaya," alisema Wakesho, na kweli hakuna alichohisi.

Alijua kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho: Mghoi, wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Cha kifo alikuwa nacho pia, kilichotolewa baada ya serikali ya wakati huo kuanguka: umri miaka mitatu, mahali Ndarawe. Alivisoma vyote viwili kama mtu anavyosoma tangazo la mnada wa ng'ombe wa kata nyingine. Baba wa mtoto, aliyekuwa fundi wa reli, alivumilia miaka miwili kisha akaondoka. Alisema hawezi kuomboleza peke yake katika nyumba ya watu wawili. Wakesho alimfungia chapati za safari.

Waliingia ndani. Ndarawe ilikuwa kiwanda cha mkonge zamani. Katika miaka ya ukame mkubwa, Mamlaka ya Vyanzo iliamuru watu wa milimani wahame chemchemi zao ili maji yateremshwe kwenye miji mipya ya uwandani. Waliokataa ndio walioteremshwa wao, kwa malori, wakafungiwa katika maghala haya. Ukutani kulikuwa na majina yao, elfu sita na mia nne, yamechongwa kwenye bati. Wakesho alilipita lake bila kusimama.

Katikati ya ukumbi kulikuwa na kiti.

"Tunaweza kuzunguka upande ule," Nasieku alisema. "Wengi waliokaa humo hawapendi kukiona."

"Ni kiti tu."

Akakisogelea, akainama, akakigusa mguu. "Bolti hii si yake. Hii ni ya juzi juzi."

"Ya zamani ililiwa na kutu."

"Mngeiandika hapo chini. Watu watadhani ni ya wakati ule."

Nasieku alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake. Juu ya kiti ilining'inia kofia ya shaba, nyembamba kama sufuria iliyosuguliwa miaka mingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine. Wakuu wa kambi walitaka majina ya waliopanga mgomo wa chemchemi, na mtu asiyesema alivalishwa kofia. Haikunakili kumbukumbu. Iliivuta, kama mtu anavyovuta uzi kwenye sweta, na uliotoka ulikuwa umetoka. Mafundi wake waligundua mapema kwamba uzi hushikika vizuri zaidi pale mtu anapopenda. Kwa hiyo kwa mwenye mtoto walianzia kwa mtoto. Waliyapata majina waliyotaka, au hawakuyapata, kisha wakamfungua mtu huyo mikono. Alitoka akiwa anajua kuhesabu, kupika na kufunga viatu, ila ndani yake pameganda. Madaktari waliokuja baadaye waliiita ganzi ya kofia. Hawakuwa na dawa yake.

*

Kundi la wasichana wa shule lilikuwa likitoka katika chumba cha mwisho, kilichokuwa Banda la Nne. Walikuwa kumi na wawili, wamevaa sweta za kijani, na karibu wote walikuwa wanalia. Si kilio cha kelele. Walishikana mabega wakatembea polepole, kama wanaotoka makaburini.

Nasieku aliitwa na mwalimu wao, na kwa dakika chache Wakesho akabaki peke yake kando ya mlango. Msichana mmoja mrefu akasimama karibu naye kufunga kamba ya kiatu.

"Mama, wewe umeshaingia?"

"Bado."

"Uchukue tishu hapo kwenye meza. Mimi nilidharau." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Yule mtoto..."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anamwomba mamake amkune mgongo."

"Basi?"

"Basi. Lakini ukiwa mle, wewe ndiye mamake."

Msichana akawafuata wenzake. Wakesho aliwatazama kupitia dirishani wakikaa kwenye nyasi na kufungua mikebe ya chakula. Walikaa kimya, kisha mmoja akasema neno, mwingine akajibu, na kabla mikebe haijaisha walikuwa wanacheka. Hakuwalaumu. Aliona tu, kama mtu anayeona mvua ikinyesha kwenye shamba la ng'ambo, kwamba watoto wa watu wamemlilia mwanawe asubuhi hii, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akifikiria kama pampu ya makumbusho ile inayonguruma nyuma ya ukuta haihitaji kutiwa grisi.

*

Ofisini, Nasieku alifungua kabati ya chuma, akatoa kichupa chenye ukubwa wa kidole cha shahada. Ndani mlikuwa na maji yenye rangi ya chai ya rangi, na katikati yake kitu chembamba kilichojikunja.

"Ni huu," alisema. "Tulikuta nyuzi elfu moja na zaidi katika stoo walipokimbia. Karibu zote zilikuwa zimekatika. Huu ni mzima. Siku arobaini za Banda la Nne, pamoja na miaka mitatu ya mtoto, kwa sababu ilikuwa imeshikana nazo."

"Na miaka tisa mmeuonyesha watu."

"Dakika kumi na moja tu. Mahakama ilituruhusu hizo, mpaka mwenyewe apatikane. Zilizobaki hakuna aliyeziona, hata mimi."

"Nami nikitaka kuona?"

Nasieku akakiweka kichupa juu ya kitambaa. "Hapo ndipo penye shida, Mama. Mtu mwingine akivaa kofia ya kusomea, uzi unapita kwake kama mwanga dirishani, na haupungui. Ila ukivaa wewe, uzi utapajua kwao. Utaingia na hautatoka tena. Kwa hiyo huwezi kuangalia tu. Ama unauchukua wote, ama unauacha wote."

"Nakala?"

"Tumejaribu mara tisa. Inatoka picha isiyo na mtu ndani."

Wakesho alikitazama kichupa. Alisubiri kuona kama mkono wake utataka kukigusa. Haukutaka.

"Wewe unataka niuache," alisema.

"Nataka. Nikisema vingine nitakuwa nimekudanganya." Nasieku alikaa, akakunja mikono mapajani. "Mwaka jana diwani mmoja alisimama kwenye ua wetu akatangaza kwamba hapa palikuwa kambi ya kugawa chakula, na kwamba hakuna aliyekufa ila kwa ugonjwa wake. Nilimkaribisha aingie chumbani. Alikaa dakika zake kumi na moja. Tangu siku hiyo hajalirudia neno lile, na wala simsikii akisema mengi. Nikipoteza uzi huu, nitabaki na mabati na kiti chenye bolti mpya. Lakini usinisikilize mimi. Mimi naajiriwa hapa. Kuna mtu mwingine unayepaswa kumsikia kwanza."

"Nani?"

"Ni Alhamisi. Yuko nje."

*

Mzee Righa Mwakio alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa kivuli wa Banda la Nne, akimenya chungwa kwa kisu kidogo. Kwa miaka saba, Nasieku alikuwa amemweleza Wakesho, mzee huyu aliteremka kutoka milimani kila Alhamisi, akaingia chumbani mara moja, akarudi kwake. Siku watu wa kijiji chao walipochukuliwa, yeye alikuwa hospitali ya mkoa akimuuguza kaka yake. Alirudi akakuta mlango wazi na kuku ndani ya nyumba. Mkewe Mkawasi, mpishi wa shule, alilala Banda la Nne na hakutoka. Katika zile dakika kumi na moja anaonekana kwa dakika mbili kasoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainua macho, si usoni kwake bali kwenye mikono yake, na kisu kikasimama. "Ni wewe."

"Umenijuaje?"

"Hicho kidole gumba chenye kovu. Nimeishi ndani ya mikono hiyo miaka saba, Mama Mghoi. Kaa."

Wakesho alikaa. Mzee alimpa nusu ya chungwa naye akaila. Lilikuwa kali kidogo.

"Mhifadhi amekwambia kilichomo?"

"Msichana mmoja ameniambia mtoto anataka kukunwa mgongo."

"Hiyo ni ya mwisho. Kabla ya hapo kuna Mkawasi." Mzee alifuta kisu kwenye suruali. "Walikuwa na homa, yeye na mwanao. Homa ile ya kutapika damu. Nesi mmoja wa kambi alimwonea huruma Mkawasi kwa kuwa walitoka mlima mmoja, akampitishia vidonge sita kwa siri. Dozi ya mtu mmoja. Mkawasi hakuvimeza. Anatambaa mpaka ulipolala, anakufungua kiganja, anavitia humo. Anasema, 'Mimi nimeshakula ugali wa kutosha duniani.' Kisha anarudi mahali pake."

"Nami nikavichukua."

"Ukavichukua."

"Nilikataa kwanza?"

"Hapana."

Nyuma ya ukuta pampu ilizimika, ikawaka tena. Wakesho alitafuta ndani yake kitu kinachofaa kusemwa kwa mtu kama huyu, hakukipata, akaona ni afadhali asiseme kuliko kuazima maneno.

"Mwaka wa kwanza nilikuja ili nikuchukie," mzee aliendelea. "Nilitaka nikuone unavyovipokea, niwe na hakika. Lakini mle ndani huwezi kumtazama mtu kwa mbali. Nikiingia, mimi ndiye ninayevipokea. Mara mia tatu na zaidi nimechukua vidonge vya mke wangu mwenyewe, na kila mara nimeshukuru, na kila mara nimeona haya. Chuki itakaa wapi hapo?"

"Mtoto alipona?"

"Alikaa siku nane. Mkawasi tano. Hayo yako kwenye daftari la kambi, si kwenye zile dakika."

"Basi vidonge havikusaidia mtu."

"Havikusaidia."

Wasichana wa shule walikuwa wanapanda basi lao upande wa pili wa ua.

"Mzee, nikuulize," Wakesho alisema. "Nilimpenda?"

"Nani?"

"Huyo mtoto. Nauliza kwa kuwa wewe umekaa humo."

Uso wa Mzee Righa ukabadilika kama wa mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake hajala siku tatu.

"Nina watoto wanne niliowalea kwa mikono yangu," alisema. "Huyo wako ni wa tano. Sikumzaa, sikumlisha, sijui hata alicheka vipi. Nimempenda kwa sababu nimeazima moyo wako dakika kumi na moja kwa juma. Sasa jijibu mwenyewe."

"Unaonaje? Niuchukue?"

"Usiniulize mimi. Mimi nina tamaa." Akarusha maganda kwenye pipa. "Ila nitakwambia kitu nisichomwambia Nasieku. Mkawasi mle ndani anasema maneno yale yale. Anatambaa vilevile. Najua hata pumzi atakayoivuta. Siku hizi nikiwa nyumbani nikijaribu kumkumbuka akipika, au akigombana nami, simpati. Namwona anatambaa tu. Niliomba zile siku nyingine wakakataa, sheria. Karibu siku arobaini alikuwa humo, Mama Mghoi. Lazima alisema mengine."

*

Mtu mwingine angeusikiliza moyo wake. Wa Wakesho ulikuwa kimya, kwa hiyo ilimbidi afikiri. Alisimama kwenye mlango wa Banda la Nne, akafikiri kama anavyofikiri mbele ya pampu asiyoifahamu: kitu hiki kimewekwa kufanya kazi gani, na ni nani asipokuwepo kazi hiyo haifanyiki?

Diwani angeweza kunyamazishwa kwa njia nyingine, ngumu zaidi. Wasichana wangelilia mambo mengine, hawakukosa huruma. Mzee alikuwa anampoteza mkewe kila Alhamisi, dakika mbili kwa dakika mbili. Na mtoto? Mtoto aliyekufa hana haki nyingi. Moja anayo, kuliliwa na aliyemzaa. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa na vibarua miaka tisa. Yeye hakuitamani. Hakutarajia kuitamani. Lakini alijua kazi iliyo yake akiiona.

Alirudi ofisini. "Nitauchukua," alisema.

Nasieku aliinamisha kichwa. Hakubishana. Akasema, "Nikuulize, Mama, si kwa kukuzuia. Huna unachohisi sasa. Ukishauchukua utahisi vyote kwa pamoja, na hakuna wa kukutolea. Kwa nini?"

"Kwa sababu sina ninachohisi. Hiyo ndiyo sababu."

"Na wale watakaosema hapakutokea kitu?"

"Nitakuja niwaambie."

"Watakubishia. Neno la mtu halina nguvu ya uzi."

"Wanibishie. Nitakuwa nimesimama hapo."

Alitia sahihi mahali pote alipoonyeshwa. Kisha akasema kuna jambo moja la kwanza, na Nasieku akaelewa kabla hajamaliza. Mzee Righa aliingizwa chumbani peke yake. Wakesho alisubiri nje, amesimama, mkoba begani. Dakika kumi na moja zilipita, na nyingine kumi na moja. Mlango ulipofunguka mzee alikuwa amevua kofia yake ya manyoya na kuishika kifuani.

"Nimemaliza," alisema. "Ingia, mwanangu."

*

Nesi wa makumbusho alimlaza kwenye kitanda, si kwenye kiti. Kofia ya kusomea ilikuwa nyepesi, ya plastiki, haina uzito wa ile ya shaba. Nasieku alimimina kichupa kwenye mdomo wa mashine, akarudi nyuma.

Kwanza hapakuwa na kitu. Wakesho alihesabu mabati ya dari. Kisha ncha za vidole vya mkono wake wa kulia zikaanza kuwasha, naye akajua, bila kuambiwa, kwamba zinagusa mgongo mdogo wenye vipele vya joto. *Si hapo. Chini. Chini zaidi.* Sauti ilikuwa na ukwaruzo wa mtu aliyelala mdomo wazi. Alikuna. Mgongo ukanyooka kama wa paka.

Yaliyofuata hayakuja kwa mpangilio. Alikuja mtoto mchanga mwenye hasira, uso mwekundu, kilo tatu na gramu mia mbili. Kiatu kimoja cha bluu kikaja, na lori, na harufu ya mkonge uliolowa. Likaja tusi ambalo Mghoi alilisikia kwa askari akalirudia siku nzima, na banda zima likacheka kwa kuficha midomo. Siku ya nane ilikuja. Aliipokea yote, tangu alfajiri yake, uzito wa kichwa kwenye mkono wake ukibadilika kutoka uzito wa anayelala kuwa uzito mwingine.

Mzee Righa, kwenye benchi lake, alisikia sauti kutoka Banda la Nne. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito kupita kiasi na hana pa kukitua. Iliendelea mpaka kivuli cha banda kikafika kwenye uzio. Wageni wa mchana walirudishwa langoni kwa upole, na Nasieku mwenyewe akakifungua kibao cha mlangoni kilichosema *Dakika Kumi na Moja*, akakipeleka stoo.

Jua likiwa linaegemea milima, Wakesho alitoka. Alishika mlango kwa mikono miwili kwanza. Uso wake ulikuwa umevimba na macho hayafunguki vizuri, na alitembea hatua zile chache hadi kwenye benchi kama mtu aliyetoka kujifungua. Akakaa.

"Mghoi," alisema, kwa kulijaribu. Akalirudia jina hilo, na mara hii sauti ikakatika katikati.

Mzee aliweka kiganja chake juu ya mkono wake, ule wenye kovu. Walikaa hivyo. Garimoshi la jioni lilipita bila mtu kulisimamisha.

"Mkeo alikuwa anakoroma," Wakesho alisema mwishowe.

Mzee Righa aligeuka.

"Sana," alisema.

"Mghoi alikuwa akimziba pua. Naye anaamka anajifanya hajui ni nani, anawauliza watu wote mmoja mmoja. Usiku wa tatu huo. Na wa nne."

Mzee alijifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalimtikisika, na Wakesho hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio, naye akaona haidhuru, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na vyote viwili.

"Anza siku ya kwanza," mzee alisema kutoka ndani ya kofia. "Walivyoteremka kwenye lori. Usiruke kitu."

Wakesho akapangusa pua kwa kiganja, akavuta pumzi, akaanza.